Mstari wa Mama Adelina

Habari ya kifo cha Mestre Rafael, mwalimu wa kwaya, ilinifikia kwa sauti ya simu, asubuhi, hapa Pemba ya Msumbiji, mikono yangu ikiwa imejaa unga wa mandazi. Aliyeituma alikuwa mmoja wa waimbaji wake wa zamani, kijana mwembamba enzi zile, leo baba wa watu na kitambi chake. Alisema mzee amezikwa jana yake huko Montepuez, alikokuwa akiishi tangu tulipoikimbia Palma kwa sababu ya vita, na kwamba kwaya iliyomsindikiza ilikuwa ya watu wanane tu. Niliusikiliza ujumbe mara mbili. Nikakaanga mandazi yote mpaka la mwisho, sikuunguza hata moja, kisha nikakaa kwenye kigoda nikalia kwa nafasi yangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikijiambia kwamba siku nikitulia nitauandika ule mwaka nilioutumia na mzee huyu na mkewe. Kutulia hakukuja. Lakini sasa wote wawili wameondoka, na ninayejua yaliyoipata karatasi moja ya wimbo wao ni mimi peke yangu, kwa hiyo ninaandika hivyo hivyo bila kutulia. Habari za wazazi wangu na ukoo naziacha, hazina kosa lolote, ila hapa hazina kazi.

Ulikuwa ule mwaka tunaouita wa gesi, ingawa gesi yenyewe hatukuiona wala kuinusa. Tulichokiona ni wageni. Helikopta zilipita juu ya minazi, kila mwenye chumba cha ziada akakipaka chokaa na kukipangisha, samaki wakubwa wakawa wanapelekwa moja kwa moja kwenye majiko ya nyumba za wageni, na sisi tukabaki na dagaa na subira. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi la Bi Zaituna, chumba kimoja chenye kuta nene za mawe ya matumbawe, baridi mchana kutwa. Nikifumba macho sasa hivi naisikia harufu yake: wino wa mashine uliopata moto, karatasi mpya, na bajia za Bi Zaituna mwenyewe, aliyekuwa akizikaanga mlangoni ili wateja wasichoke kungoja. Na walikuwepo wa kungoja. Watu wote wa Palma waligundua kwa pamoja kwamba wanahitaji CV. Nimewaandikia CV wavuvi, mafundi wa makuti, na bibi mmoja aliyetaka tuseme ana uzoefu wa miaka thelathini wa kupika kwa watu wengi, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, maana alizaa watoto kumi na mmoja. Mimi kazi ile niliipenda kwa sababu ni mtu wa kunyoosha mambo. Ukiniletea maisha yako yamekunjamana, nilikurudishia yamesimama kwenye ukurasa mmoja, pembe kwa pembe, pasipo nafasi iliyopotea. Kupoteza karatasi kulikuwa kunaniuma kama kumwaga wali.

Programu ya kuandikia muziki iliingia kwenye kompyuta yetu kwa bahati. Fundi mmoja Mreno, Senhor Duarte, alipanga chumba jirani akingojea meli ya utafiti ije kumchukua. Ilichelewa, na yeye alikuwa mpiga gitaa, basi akaja kuchapa nyimbo zake. Aliiweka programu ile mwenyewe, akanionyesha kwa siku mbili jinsi ya kuchora mistari mitano, kupanga noti, kugawa vipimo, na kubonyeza ili mashine iziimbe. Kisha meli ikaja, akaondoka na gitaa lake, programu ikabaki. Nilikuwa naifungua wateja wakipungua. Niliweka noti popote, nikabonyeza, nikasikiliza. Siwezi kueleza vizuri furaha ile. Kitu kilichokuwa alama tu kwenye kioo kilitoka kwenye spika ndogo na kujaza chumba, na mimi ndiye niliyekituma. Bi Zaituna aligeuka kutoka kwenye karai lake akaniambia, "Atija, huyo jini wako leo ana pua iliyoziba." Ulikuwa mlio wa klarineti.

Mestre Rafael alipata habari, sijui kwa nani. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa, Mmakonde wa huko juu uwandani, aliyekulia ukimbizini upande wa Tanzania wakati wa vita vya uhuru na kufundishwa muziki na mapadri wa misheni. Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kimenyooka, na suruali yake hivyo hivyo. Alisimama kwenye foleni ya CV kwa adabu zote, na zamu yake ilipofika akaweka mezani daftari lililofungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, Mestre."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia una mashine inayojua kuimba."

"Inajaribu."

"Basi nnataka uniandikie hizi, kwa noti za mistari, zichapwe. Macho yangu yanakwenda, na waimbaji wangu wanakwenda. Sauti ya tatu yote imepata kazi kambini, kwa watu wa gesi. Kama haziko kwenye karatasi, mie nikianguka, zimeanguka."

Daftari lilikuwa na nyimbo ishirini na kitu, zote kwa herufi ndogo za solfa, zile za do-re-mi, alizofundishwa misheni, zimepangwa kwa safu, penseli juu ya penseli. Nilimwambia herufi zile sizijui. Akasema hakuna neno, yeye ataimba na mimi niandike. Ndivyo tulivyofanya, miezi mitatu, kila alasiri isipokuwa Ijumaa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaniimbia sauti ya kwanza kwa sauti nyembamba ya kuchekesha, kisha ya pili, ya tatu, na alipofika ya nne, iliyokuwa yake mwenyewe kwenye kwaya, alishuka chini kabisa na meza ikatetemeka. Nikiandika, mashine ikairudia, yeye akisema "hapo umeruka" au "hapo umeharakisha, nani anakukimbiza?" Wenye CV wakawa wanasubiri na kutikisa vichwa. Nilikuwa natoka pale jua limelegea, napita kati ya nyumba, na kila mlio niliousikia, kinu, mlango, mtu anaita mbuzi, niliuona umekwishajipanga kwenye mistari mitano kichwani mwangu. Sijapata kuishi tena namna ile, nikiwa macho na huku nimelala. Bi Zaituna, ambaye ni jirani wa msikiti, alinitania kwamba siku moja nitajikuta nimebatizwa bila kupewa taarifa.

Wimbo wa mwisho kwenye daftari ndio uliokuwa mkubwa. Aliutunga waliporudi kutoka Tanzania, walipouvuka mto Ruvuma na vyungu kichwani, na uliimbwa mara moja tu kwa mwaka, kwenye sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa kanisa lao. Kwenye daftari ulikuwa na safu tano badala ya nne. Safu ya juu haikuwa na herufi yoyote. Nilimuuliza, akasema, "Hiyo iache. Iweke ilivyo." Nikaiweka ilivyo, mistari mitano mitupu juu ya kila fungu la sauti, kurasa zote tatu. Yeye akaenda zake kulima wiki mbili, akaniambia nikimaliza nichape nakala arobaini, nimpelekee mwimbaji mmoja aliyekaa karibu. Nikabaki naitazama ile safu. Kurasa tatu. Ya tatu ilikuwa na vipimo sita tu, kisha nyeupe tupu. Na programu ile ilikuwa na mahali pa kubonyeza ili kuficha mistari isiyo na noti. Nilibonyeza. Wimbo ukajikusanya wote ukaingia kurasa mbili, mbele na nyuma ya karatasi moja, umenyooka, umejaa, hauna hata kidole cha nafasi iliyopotea. Niliutazama kama mtu anavyotazama kitanda alichotandika mwenyewe. Nikachapa arobaini.

Jumamosi iliyofuata nilialikwa mazoezini kanisani, nikae nyuma, nione kazi yangu. Nilivaa kanga mpya. Karatasi ziligawiwa, watu wakazinusa, wakacheka, wakazishika mbele ya nyuso zao. Mestre aliinua mkono, na hakuna kilichotokea. Mbele kabisa, peke yake, alisimama mkewe, Mama Adelina, mwanamke mfupi mwenye chale za zamani za Kimakonde usoni. Yeye ndiye alikuwa mwanzishi wa ule wimbo. Nilikuja kuelewa baadaye: mwanzishi huimba peke yake kwanza, anavyojua yeye, anawataja waliosafiri, wagonjwa, waliobaki upande wa pili wa mto, leo hivi na mwakani vingine, na wengine wote wanangoja mpaka aishushe sauti kwa namna fulani, ndipo wanajua mlango umefunguliwa. Ile safu tupu ilikuwa yake. Mama Adelina hakujua kusoma noti, lakini kuhesabu alijua. Aligeuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma, akaikunja mara mbili kwa utulivu.

"Humu mmo wanne," akasema. "Mie wa tano. Mmeniandika wapi?"

Mestre aliisogeza karatasi karibu na macho yake mabovu, akaishusha. Hakunitazama, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

"Imekosewa kuchapa, mke wangu. Anza tu."

"Mnao wimbo wenu kwenye karatasi. Imbeni wa kwenye karatasi." Akaenda kukaa kwenye benchi, karibu nami, bila kujua kwamba mimi ndiye niliyemfuta. Walijaribu bila yeye. Sauti zote nne ziliingia kwa wakati, sawasawa, zikafika mwisho, na ulikuwa wimbo mwingine kabisa, wa watu wanaongojea gari. Niliona aibu iliyonipanda kutoka miguuni. Nikamgeukia nikamwambia, "Mama, ni mimi. Nilitaka iingie kwenye karatasi moja." Akasema, "Afinal, kumbe ni mtoto," kisha akaniuliza kama ninakula kisamvu.

Kisamvu chake nimekila mwezi mzima. Mestre alikuwa ameamua kwamba kosa langu limempa nafasi ya kuomba alichokuwa anaogopa kukiomba: nikae na mkewe jikoni, nimrekodi kwa simu, kisha nimwandike, noti kwa noti, safu ya tano ijae. Jiko lilikuwa banda la makuti nyuma ya nyumba, na mwanga ulipenya kwa vipande vidogo, ukacheza juu ya sufuria na juu ya mikono yake. Alitwanga majani, akakamua nazi, akasonga ugali wa muhogo, na katikati ya hayo aliimba nikimwomba. Mara ya kwanza alimtaja dada yake. Mara ya pili alitaja mvua. Mara ya tatu aliuanza chini badala ya juu, nikamwambia, "Mama, jana ulianzia juu," akajibu, "Jana nilikuwa nimelala vizuri." Nilikuwa na rekodi kumi na nne na hakuna mbili zilizofanana. Nilikasirika kweli, mimi mtu wa kunyoosha. Lakini nilikuwa naondoka pale nimeshiba, nimenukia moshi, na kwa njia nzima nikawa najiimbia vipande vyake bila kujua ni vya siku gani.

Siku moja, ugali uko motoni, tulisikia Mestre anazungumza barazani na enfermeiro, muuguzi wa hospitali, jirani yao. Ukuta wa makuti hauzuii neno. Enfermeiro alisema kwamba dawa zile zimefika mwisho wa uwezo wake, kwamba moyo wa mama umechoka, na hata kumpeleka Pemba kungekuwa kumtesa njiani. Akasema labda mpaka mvua, labda kabla. Mestre akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kama mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kuimba. Enfermeiro akasema, "Mwache aimbe, Mestre." Nilimtazama Mama Adelina. Alikuwa anasonga ugali, mwiko haukusimama.

"Anadhani sijui," akaniambia pole pole. "Miezi yote hii ananificha, maskini. Usimwambie kuwa najua, atakosa cha kufanya."

Hapo ndipo nilipoelewa yule mzee anataka nini kwenye mashine yangu. Hakutaka wimbo. Alitaka mkewe asiishe. Na mimi, nikiwa na siri ya huyu na siri ya yule, nilirudi dukani nikachagua rekodi moja kati ya zile kumi na nne, ile iliyokuwa safi zaidi, nikaiandika kwa siku tano, nikiisimamisha na kuirudisha mpaka sikio likauma. Nilipomaliza, Bi Zaituna aliwafukuza wateja kwa heshima, akafuta viti viwili, na wazee wakaja wakiwa wamevaa vizuri kama watu waendao kwa msimamizi wa wilaya. Nilibonyeza. Sauti ikatoka, ile ya klarineti, ikapanda pale alipopanda, ikashuka pale aliposhuka, sikukosea hata noti moja. Mestre alifumba macho. Mama Adelina alisikiliza hadi mwisho, kichwa upande, kisha akaniuliza taratibu.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

"Huyu si mie. Huyu hapumui."

Mestre akafumbua macho. "Adelina, ni noti zako zile zile. Tukiziacha, atakayekuja baada yetu ataanzia wapi?"

"Ataanzia nilipoanzia. Mie nani alinipa karatasi?" Kisha akalegeza sauti, akamwekea mkono gotini, jambo ambalo wazee wa kule hawalifanyi mbele za watu. "Rafael. Ukimwandika huyu, wote watamwimba huyu. Na mie nitakuwa nimekosea kila nilipoimba vingine. Niachie nafasi tu. Nafasi inatosha."

Alikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka mingi kuliko umri wangu, na alishindwa mbele ya macho yangu bila kubishana zaidi. Nikairudisha safu ya tano, tupu, nikaandika jina lake pembeni, Adelina, na nikachapa upya nakala arobaini za kurasa tatu tatu, na ile ya tatu nyeupe karibu yote. Haikuniuma. Ile yenye noti zake niliihifadhi kwenye kompyuta, kwa sababu hakuna aliyeniambia niifute.

Sikukuu ilikuja, kanisa likafurika, wengine tukasimama nje madirishani, Waislamu kwa Wakristo. Aliimba. Aliwataja wa ng'ambo ya mto, akawataja vijana waliokwenda kambini, na safari ile akaitaja Palma yenyewe, kana kwamba ni mtu anayesafiri. Siwezi kusema ilikuwaje zaidi ya hapo. Nilijua ninachokisikia, na nilijua wawili pale mbele wanajua, mzee akidhani mkewe hajui. Mvua za kwanza zilimkuta bado yuko. Za pili hazikumkuta.

Mestre hakutokea dukani kwa wiki nyingi. Siku aliyokuja, foleni ya CV ilikuwa imefika barabarani, na yeye akasimama mwisho wake kama kawaida, mpaka watu wenyewe wakampitisha. Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Akaniuliza kama yule asiyepumua bado yumo. Nikasema yumo. Akasema nimpigie, nikampigia, na akasikiliza kichwa kikiwa chini. Kisha akaniuliza kama kwenye muziki wa mistari kuna alama ya kupumua. Nikamwambia ipo, ni kama mkato, inakaa juu ya mstari, na mashine ikiifikia inasita kidogo.

"Basi irudishe mwanzo, menina, binti yangu. Polepole."

Niliirudisha. Aliinua kidole kimoja. "Hapa," akasema. Nikaweka. "Hapa." Nikaweka. "Hapa alikuwa anavuta mbili, ndogo na kubwa." Noti za mkewe hakuwahi kuzikamata maisha yake yote, kwa sababu hazikukaa mahali pamoja, lakini pumzi zake alikuwa anazijua zote. Alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wake, akingoja zamu yake, kwa miaka yote ile, akiuangalia unapanda na kushuka. Tulifika mwisho. Nikadhani tumemaliza.

"Na ya kwanza," akasema. "Kabla hajaanza. Hiyo ndiyo kubwa."

Programu haikukubali. Alama ya pumzi inakwenda baada ya noti, na kabla ya noti ya kwanza hakuna kitu. Nilijaribu mara tatu. Mwishowe niliongeza kipimo kitupu mwanzoni, kizima, nikaiweka humo, nikabonyeza. Kimya kilipita. Ndani ya kile kimya nilimwona Mestre anajaza kifua chake, mabega yakipanda taratibu. Kisha klarineti ikaanza, ikasita, ikaendelea, ikasita, ikapanda, na ilipoishusha sauti kwa ile namna, mzee akaingia na sauti ya nne. Hakuangalia pembeni. Aliimba zamu yake yote, chini kabisa, meza ikitetemeka, na watu walioshika CV zao mlangoni wakangoja mpaka amalize.